Kitabu cha Kumi na Saba

Mwaka ulipoanza nilijiwekea deni:
vitabu ishirini na vinne, viwili kila mwezi.
Nikaliandika nyuma ya daftari la mizani
pale ghalani Mpunguzi ninapopima zabibu.
Mbele, majina ya wakulima na kilo zao;
nyuma, majina ya vitabu na kurasa zake.
Bosi akaona. "Na hawa nao wanatudai?"
Nikamjibu: hapana, hawa wananidai mimi.

Januari nilikwenda mwendo wa ng'ombe aliyenusa maji.
Februari zabibu zikaiva, zikanifungia mlango:
kreti juu ya kreti, nyuki juu ya mikono,
usiku nalala na kitabu kifuani,
ukurasa uleule siku nne.
Machi, sifuri. Nimeandika hivyo, sifuri,
kwa wino mwekundu.

Nilisomea wapi? Usiniulize.
Foleni ya maji, ndoo naisogeza kwa mguu.
Zahanati, nikisubiri majibu ya malaria.
Msibani kwa shemeji, Chamwino, nyuma ya mafiga,
Mungu anisamehe:
kulikuwa na mtu anakwenda kunyongwa
sura ya kumi na moja,
sikuweza kumwacha peke yake.

Na upepo wa Julai, huu wetu,
unaotia vumbi hata ndani ya sukari,
umebaki kwenye mishono ya vitabu vyangu.
Kifungue cha kumi na mbili: utapiga chafya
kabla hujafika kwenye jina la mtu yeyote.

Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana Nkuhungu,
chumba cha cherehani cha Sechelela:
yeye, mimi, Mwalimu Yaledi, na Zamaradi wa duka la dawa.
Karanga za kuchemsha, chai ya tangawizi, ugomvi.
Sechelela husoma kwa kuruka, anamtafuta aliyeoa.
Yaledi husoma na penseli, anawasahihisha hata marehemu.
Zamaradi hulia. Hulia hata kwenye dibaji.

Desemba nikaweka daftari mezani: ishirini na vinne.
Yaledi akavaa miwani, akashuka na kidole,
kidole kikasimama kwenye kumi na saba.
"Hiki hukukimaliza."

Kweli. Nilikinunua soko la Sabasaba, shilingi elfu moja,
juu ya turubai, kati ya viatu na sufuria.
Kurasa kumi za mwisho muuzaji alishafungia karanga.
Mwanamke yuko stesheni, sanduku mkononi,
treni inaingia, anainua mguu,
basi. Baada ya hapo ni jalada.

"Hicho si kitabu, ni kipande," akasema Yaledi.
"Una ishirini na vitatu. Karani wa mizani, wewe?"
Nikanyamaza. Nawajua wanaoficha mawe chini ya kreti.

Lakini niliwasimulia Agosti, na hakuna aliyesahau.
Sechelela akaondoa mguu kwenye cherehani.
"Alipanda. Hakugeuka. Yule bwana kabaki na funguo."
"Hakupanda," Zamaradi, machozi tayari,
"sanduku lilikuwa tupu tangu mwanzo,
hamkusikia alivyolibeba kwa vidole viwili?"
Wakabishana mpaka chai ikaota ngozi.
Mimi niliyekisoma sikuulizwa neno.

Yaledi alikuwa anamenya karanga moja, muda mrefu.
"Alilishusha," akasema, "akalikalia.
Akaiacha treni ile ipite
ili apande inayofuata bila hasira."

Hakuna aliyejibu.
Akavuta daftari, akaandika pembeni kwa penseli:
*Kurasa kumi, zimesomwa kwa mdomo.*
Akatia sahihi. Wakatia wote.

Nilipotoka mvua ilikuwa inajaribu bati moja moja.
Sechelela akanifungia karanga za njiani.
Chini ya taa ya barabara nikaikunjua ile karatasi,
moyo ukinidunda kama mjinga:
Hesabu, darasa la tano, kugawanya kwa baki.

Nikaisoma yote.